Chanzo cha nitrojeni na antibayotiki: kwa nini bakteria akishiba amoniamu anagoma kuzalisha?

#1 Mzizi wa Udongo

Wakuu, habari za wakati huu.

Humu ndani kila mara anaibuka mtu na swali: "Nina Streptomyces wangu, nimemjaribu kwenye vyanzo kadhaa vya nitrojeni, kipi ni bora kwa antibayotiki?" Majibu huwa hayachelewi. Mmoja anasema unga wa soya, mwingine peptoni, wa tatu anaapia nitreti ya potasiamu kwa sababu kwake ilikubali. Uzi unafifia, muulizaji anaenda kuandika ripoti.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona swali lenyewe limekaa upande. Bakteria hasomi jina lililoandikwa kwenye kopo. Kinachomgusa ni kasi ambayo nitrojeni inamfikia, na njia inayopitia ikishaingia kwenye seli. Ukilijua hilo, jedwali la "chanzo bora" linaanza kukuchekesha.

Tuanze na mhusika. Streptomyces ni bakteria wa udongo anayekua kwa nyuzinyuzi kama kuvu, kisha anainua nyuzi nyingine hewani na kutengeneza spora. Ndiye aliyetupa streptomaisini: mwaka 1943, Albert Schatz akiwa kwenye maabara ya Selman Waksman pale Rutgers, Marekani, aliipata kwa S. griseus, ikawa antibayotiki ya kwanza kuiweza kifua kikuu. Jamaa huyu akiwa kwenye neema anakua tu, hana habari na vita. Antibayotiki inakuja pale ukuaji unapopungua kasi, karibu na wakati anapojiandaa kutoa spora.

Sasa mpe amoniamu nyingi. Amoniamu ni nitrojeni isiyohitaji kumeng'enywa. Inaingia, kimeng'enya cha glutamini sintetesi kinaibandika kwenye glutameti, unapata glutamini, na kutoka hapo nitrojeni inasambazwa kwenye asidi amino na vijenzi vya DNA. Kwa bakteria hiyo ni shibe, na kwenye shibe ratiba ya antibayotiki inasogezwa mbele au inafutwa kabisa. Amesimamia hapo msimamizi mmoja, protini inayoitwa GlnR, ambayo inawasha na kuzima jeni za kutafuta nitrojeni kulingana na hali.

Kuna kitu watu wengi hukosea: wanadhani nitrojeni inahusika kwa sababu antibayotiki "imetengenezwa kwa nitrojeni". Hesabuni atomu. Streptomaisini ina atomu 7 za nitrojeni, sawa. Erithromaisini ina 1 tu. Aktinorodini, ile rangi ya buluu ya Streptomyces coelicolor, haina hata moja, na bado ukimmwagia amoniamu uzalishaji wake unashuka. Kwa hiyo hapa nitrojeni inafanya kazi kama habari, zaidi ya kuwa malighafi.

Karibuni. Wenye nondo washushe.

#2 mpitanjia7

Naweka kambi hapa. Ila mkuu hujasema bakteria anajuaje kwamba nitrojeni imepungua. Ana macho?

#3 Mzizi wa Udongo

Mpitanjia, macho yake ni ribosomu, ile mashine ya kutengeneza protini. Asidi amino zikipungua, tRNA, wapagazi wa asidi amino, zinafika kwenye ribosomu mikono mitupu, hazijabeba kitu. Kimeng'enya kinachoitwa RelA kikiona hivyo kinatengeneza molekuli ndogo ya dharura, ppGpp. Hiyo ikipanda, seli inapunguza kutengeneza ribosomu mpya na kuachilia mambo mengine, antibayotiki ikiwamo.

Ushahidi mzuri ulitoka mwaka 1997 kwa S. coelicolor. Watafiti walipoondoa jeni ya relA, inayotengeneza kimeng'enya hicho, bakteria aliyebanwa nitrojeni alishindwa kutoa aktinorodini. Lakini sharti hilo lilionekana pale njaa ilipokuwa ya nitrojeni. Njaa ya fosfeti ina mlango wake. Hapo ndipo utaona kwamba "njaa" kwa bakteria si moja.

#4 Binti Agari

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari. Nimeusoma uzi nikajiona mimi ndiye yule wa "kipi ni bora" 😅

Naomba niweke matokeo yangu. Streptomyces kutoka kwenye udongo, bado hajatambuliwa hadi ngazi ya spishi. Midia (chakula cha kumkuzia) ina wanga, chumvi za kawaida, na chanzo cha nitrojeni gramu 2 kwa lita, kila chanzo peke yake. Siku ya 7 nachukua maji ya juu, naweka kwenye visima vya agari (jeli ya kuoteshea) iliyopandwa bakteria Bacillus subtilis, napima duara lililo wazi, pale Bacillus aliposhindwa kuota. Unga wa soya milimita 22. Nitreti ya potasiamu 18. Salfeti ya amoniamu 11. Urea hakuna kitu, na hata bakteria mwenyewe alikua kwa shida.

Msimamizi wangu anasema niandike soya ndiyo bora. Sasa nimeanza kusita.

#5 Mzizi wa Udongo

Marahaba mdogo wangu. Kusita kwako kuna sababu, twende taratibu.

Umeweka gramu 2 za kila kitu, lakini gramu 2 za unga si gramu 2 za nitrojeni. Urea ni nitrojeni kwa asilimia karibu 46.7. Salfeti ya amoniamu 21.2. Nitreti ya potasiamu 13.9. Unga wa soya wenye protini asilimia 50, ukigawa kwa 6.25 (kigawanyo cha kawaida cha kutoka protini kwenda nitrojeni), unapata nitrojeni asilimia 8. Piga hesabu: kwenye chupa ya urea bakteria wako alikuwa na gramu 0.93 za nitrojeni kwa lita. Kwenye salfeti 0.42. Kwenye nitreti 0.28. Kwenye soya 0.16.

Linganisha na maduara yako. Yanakwenda kinyumenyume na nitrojeni, hatua kwa hatua! Inawezekana kabisa jedwali lako halikulinganisha vyanzo, limelinganisha dozi. Na urea ikivunjwa na kimeng'enya cha yurease inatoa amonia, pH inapaa. Kwa gramu 2 zako inaweza kutoka amonia hadi milimola 66 kwa lita. Hapo kukua kwa shida si ajabu.

Kuna la soya pia. Umeweka protini, lakini umeingiza na sukari, mafuta, fosfeti, chuma na vitamini kidogo. Chumvi ya nitreti haina hayo. Ukisema "soya ilishinda kwa nitrojeni yake" unakuwa umesema zaidi ya ulichopima.

#6 Fundi Tangi

Mkuu umeongea kweli, ila usiivunje moyo soya. Sisi tunaochachusha kwenye matangi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo unayoilaumu. Tangi halifanyi tasnifu, linatafuta gramu kwa lita.

Faida ya unga wa soya ni kwamba haupatikani wote kwa mara moja. Protini imefungwa kwenye chembe, bakteria lazima atoe protiezi nje ya seli, akate kidogo kidogo, aingize asidi amino. Ni mshahara wa kila wiki badala ya mafao ya mkupuo. Amoniamu kwenye midia inabaki chini muda mrefu, na bakteria anazalisha huku anakula. Peptoni imeshakatwakatwa kiwandani, inaliwa haraka, ndiyo maana kuna wanaoiweka nyingi wakapata seli tele na antibayotiki kiduchu.

Ukitaka mfano wa zamani zaidi, penisilini. Najua ile ni ya kuvu na si bakteria, msinirushie mawe. Mwaka 1941, kwenye maabara ya kilimo ya Peoria, Illinois, Andrew Moyer aliingiza maji ya kulowekea mahindi, masalia ya viwanda vya wanga, na mavuno yakapanda mara kadhaa. Yale maji yalikuwa na asidi amino zilizochanganyika, pamoja na vitu ambavyo kuvu alivitumia kujenga mkia wa penisilini G. Kwa hiyo chanzo cha nitrojeni kilileta na malighafi ndani yake.

#7 Nyota Buluu

Nami niongeze kwa upande wa makrolaidi, familia ya antibayotiki ya kina erithromaisini, maana pale amoniamu inauma kwa njia inayoonekana wazi.

Tailosini ya Streptomyces fradiae inajengwa kwa vipande vidogo vya kaboni: vya asetiki, propioniki na butiriki. Bakteria anaweza kupata sehemu ya vipande hivyo kwa kuvunja valini na asidi amino nyingine zenye matawi, na kimeng'enya cha kwanza kwenye njia hiyo ni valini dihaidrojenesi. Amoniamu ikiwa nyingi, kimeng'enya hicho hakitengenezwi kwa wingi. Maana yake, anavunja valini ya nini wakati nitrojeni ipo tele nje? Halafu matofali ya makrolaidi yanakosekana. Yaani antibayotiki inakwama kwa kukosa kaboni, na aliyesababisha ni nitrojeni.

Wajapani wa kundi la Satoshi Ōmura (huyu ndiye aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa kazi ya avermektini) walitumia mbinu ninayoipenda sana. Waliweka fosfeti ya magnesiamu kwenye midia. Haiyeyuki vizuri, inainasa amoniamu na kutengeneza fuwele za fosfeti ya magnesiamu na amoniamu. Amoniamu huru ikashuka, makrolaidi zikapanda. Hawakubadilisha bakteria wala chanzo, walibana tu kiasi kinachoelea.

#8 Mzee wa Pipeti

Vijana mnatiririka vizuri. Ila mnaongea kana kwamba sheria ni moja: amoniamu mbaya, chakula kigumu kizuri. Ngoja niwavurugie kidogo.

Amycolatopsis mediterranei, mtoaji wa rifamaisini, ambayo ndiyo mama wa rifampisini ya kifua kikuu. Wachina waliona kwamba ukimwekea nitreti ya potasiamu, milimola 80 hivi, uzalishaji wa rifamaisini SV unaongezeka maradufu na zaidi. Nitreti ni chumvi ya kawaida, imeyeyuka yote, haina mambo ya kukatwa polepole kama soya. Na nitrojeni iliongezeka, haikupungua! Mbona hakugoma?

#9 Mzizi wa Udongo

Mzee wangu, nilikuwa nasubiri nani ataileta hiyo.

Kwanza, nitreti kuyeyuka hakuifanyi iwe rahisi kwa seli. Ili iwe amoniamu inahitaji elektroni 8, kupitia nitraiti, na vimeng'enya viwili vya kazi hiyo. Gharama ipo, na kasi inatawaliwa humo ndani. Hilo linaeleza kwa nini haizimi. Halielezi kwa nini inawasha, na hapo ndipo utamu ulipo.

Rifamaisini inaanzia kwenye pete yenye kundi la amino, na nitrojeni ya kundi hilo hutoka kwa glutamini. Halafu mnyororo unarefushwa kwa vipande vilevile vya asetiki na propioniki alivyosema Nyota Buluu, ambavyo pia vinagombaniwa na mafuta ya seli. Kwenye bakteria huyu, nitreti inasukuma pande zote mbili: pete inapatikana zaidi, na utengenezaji wa mafuta unapunguzwa, hivyo kaboni inakwenda kwenye dawa. Ni tabia yake. Ukimpelekea S. coelicolor nitreti ya kiasi hicho usitarajie muujiza huo huo.

Ndiyo maana nilisema njia, sikusema kasi peke yake.

#10 Nyota Buluu

Na laisini! Hakuna mfano unaoonyesha "njia" kama laisini.

Penisilini na sefamaisini zote zinaanza na asidi amino tatu: asidi aminoadipiki, sisteini na valini. Kuvu wa penisilini anatengeneza aminoadipiki akiwa njiani kwenda kutengeneza laisini. Ukimwekea laisini kwenye midia, anaona laisini ipo, anafunga mwanzo wa njia, aminoadipiki inakauka, penisilini inashuka. Streptomyces clavuligerus, mtoaji wa sefamaisini, yeye anapata aminoadipiki kwa kuvunja laisini. Mwekee laisini, sefamaisini inapanda.

Asidi amino moja, familia moja ya dawa, majibu mawili yaliyopeana mgongo. Sasa mtu akikuambia "laisini ni chanzo kizuri cha nitrojeni" muulize kwa nani.

#11 mpitanjia7

Hii imeniacha hoi. Kwa hiyo chanzo kinaweza hata kuingia ndani ya dawa yenyewe?

#12 Nyota Buluu

Kinaingia mzima mzima. Tafuta habari za jadomaisini ya Streptomyces venezuelae, bakteria yule yule wa kloramfenikoli. Kuna hatua moja ambapo asidi amino inajibandika kwenye kiunzi bila kuchaguliwa sana. Ukimkuza kwa isolusini kama chanzo pekee cha nitrojeni na kumshtua kwa ethanoli, unapata jadomaisini B, na ile isolusini iko ndani yake. Badilisha asidi amino, unapata jadomaisini nyingine, hata rangi ya midia inabadilika. Pale kuchagua chanzo cha nitrojeni ni kuchagua dawa itakayotoka.

#13 Kaka Flaski

Wadau, niulize la rangi maana limetajwa. Mimi nafanya na S. coelicolor. Sahani za nitreti zilikuwa buluu ya kutisha, za amoniamu nyekundunyekundu hafifu. Nikahitimisha amoniamu imezuia aktinorodini. Niko sawa?

#14 Mzee wa Pipeti

Kijana, aktinorodini ni kama karatasi ya litmasi: kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye alkali buluu. Na bakteria akila amoniamu anatoa haidrojeni zenye chaji, midia inakuwa asidi. Akila nitreti mambo yanakwenda upande wa pili, pH inapanda. Kwa hiyo sahani zako zingeweza kutofautiana rangi hata kama kiasi cha aktinorodini ni kile kile.

Juu ya hapo huyo bakteria ana rangi nyingine nyekundu, undesilprodigiosini, ambayo ni kitu tofauti kabisa. Jicho litakudanganya mara mbili. Kata agari, toa rangi kwa KOH (haidroksaidi ya potasiamu, alkali kali) ya mola 1, zote zinakuwa kwenye alkali sawa, pima nanomita 640. Hapo utajua. Sisemi hitimisho lako ni uongo, huenda amoniamu imezuia kweli. Nasema sahani haijakuambia hivyo bado.

#15 Fundi Tangi

Mzee umegusa kidonda. Nusu ya "athari ya chanzo cha nitrojeni" ninayoiona kwenye ripoti ni athari ya pH iliyovaa koti. Salfeti ya amoniamu bila kudhibiti pH inaweza kukushusha hadi bakteria anaacha kukua, halafu mtu anaandika "ilizuia antibayotiki". Ilimzuia bakteria mzima!

#16 Binti Agari

Asanteni sana wote. Nataka nirudie jaribio, na muda wangu si mrefu. Niweke nini ili nisirudi hapa nikiwa na jedwali lile lile? Nilifikiria kuweka bafa ya fosfeti ili pH itulie.

#17 Mzizi wa Udongo

Bafa ya fosfeti hapana, dada. Fosfeti ikiwa nyingi yenyewe inazima antibayotiki nyingi za Streptomyces, streptomaisini ikiwamo. Utakuwa umetoa mwiba mmoja na kuchoma mwingine. Tumia MOPS, bafa isiyo na fosfeti, na upime pH kila unapochukua sampuli, usisubiri siku ya 7.

Sawazisha nitrojeni. Ukiamua gramu 0.3 za nitrojeni kwa lita, utapima urea gramu 0.64, salfeti ya amoniamu 1.42, nitreti ya potasiamu 2.16, unga wa soya kama 3.75 kutegemea protini iliyoandikwa kwenye mfuko. Ukipata nafasi, chukua salfeti ya amoniamu na uifanye kwa dozi tatu au nne. Jibu la dozi hizo litakufaa kuliko kuongeza chanzo cha tano.

Pima na uzito mkavu wa seli, kisha gawa antibayotiki kwa seli. Kwenye soya itakusumbua kwa sababu chembe za unga zinapimwa pamoja na seli, basi huko pima DNA, au uweke asidi amino za kesini (protini ya maziwa) badala ya unga na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Chukua sampuli kila siku. Amoniamu mara nyingi inachelewesha tu. Siku ya 7 inaonekana imeshindwa, wakati siku ya 10, ikishaliwa yote, uzalishaji unaanza.

#18 Mzee wa Pipeti

Niongeze la maduara. Kipenyo hakiendi sawasawa na kiasi cha dawa, kinakwenda na logi yake. Tofauti ya 22 na 18 inaweza kuwa kubwa kuliko inavyoonekana kwenye rula. Tengeneza mstari wa kulinganishia kwa dozi zinazojulikana. Kama dawa yako haijulikani bado, chukua ile sampuli yenye nguvu zaidi, izimue nusu kwa nusu mara kadhaa, uone kipenyo kinashukaje.

#19 mpitanjia7

Swali la mwisho kutoka kwa sisi watazamaji. Huko kwenye udongo hakuna mtu anayemwaga salfeti. Nitrojeni anapata wapi, na hiyo nayo inawasha au inazima?

#20 Nyota Buluu

Anaipata kwa mizoga, kwa sehemu kubwa. Kaitini ya kuvu na wadudu ikikatwa inatoa N-asetiliglukosamini, sukari yenye nitrojeni. Kuta za bakteria zina sukari hiyo hiyo, pamoja na kuta zake mwenyewe Streptomyces anapojila sehemu ya nyuzi za zamani ili ainue spora.

Mwaka 2008 ilionyeshwa kwa S. coelicolor kwamba sukari hii inaleta majibu mawili. Kwenye midia tajiri inazima antibayotiki, kwenye midia fukara inaziwasha. Katikati yuko DasR, protini inayokalia jeni za antibayotiki na kuzibana. Sukari ikiingia na kugeuzwa kuwa glukosamini-6-fosfeti, DasR inaachia. Yaani kipande kile kile kikija wakati wa neema kinasomwa kama mizoga ya jirani, kula tu. Kikija wakati wa dhiki kinasomwa kama "sasa tunajila wenyewe, na wezi watakuja".

#21 Binti Agari

Nimeandika yote. MOPS nimeazima kwa jirani wa maabara. Mzee wa Pipeti, kisima cha midia tupu isiyo na bakteria niweke kwa kila chanzo, au kimoja kinatosha?

#22 Mzee wa Pipeti

Kwa kila chanzo, na kila siku ya sampuli. Ila midia tupu haitakuwa na amonia ile ambayo bakteria ameitoa, kwa hiyo weka na kisima kingine cha midia tupu uliyoirekebisha pH ifike pale sampuli yako ilipofika, na uiongezee amoniamu ya kiasi hicho hicho. Kile cha urea kikionyesha duara bila dawa yoyote ndani yake, utajua Bacillus wako anakufa kwa nini.